Krismasi ya mfuko mtupu: Kutoka Kitonga hadi Mwanjelwa

Mpenzi msomaji, Krismasi hiyoo inakuja tena. Najua wapo kati yenu ambao wakisikia neno hilo hawakumbuki nyimbo wala pilau, wanakumbuka madeni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mtoto anaanza shule Januari, na simu ikilia unaomba isiwe ya nyumbani. Kama wewe ni mmoja wao, sogea karibu. Safu ya wiki hii ni yako, na mie mwenyewe mwaka jana nilikuwa hukohuko uliko wewe.

Tusidanganyane. Mwaka jana mwezi Oktoba kibarua changu kiliota nyasi. Nilikuwa nauza vifaa vya simu katika duka la mtu pale Kariakoo, siku hiyo bosi akaniita, akasema biashara imekufa, akanilipa nusu ya mshahara na kuniahidi nusu nyingine "hali ikitulia". Hali haijatulia mpaka leo. Na vijisenti vya kuandika makala hizi mnavijua wenyewe, vinafika kwenye maharage, kwenye nyama vinaishiwa pumzi.

Basi ilipofika katikati ya Desemba nilikuwa nimeshaamua. Siendi kwetu. Nitajifungia chumbani Mabibo, nitasema nimebanwa na kazi, Krismasi ipite kama siku nyingine. Maana kijana wa Dar kurudi nyumbani Krismasi mikono mitupu, jamani, ni aibu ambayo haina dawa. Mama anakaa Uyole, Mbeya. Bibi mzaa mama yuko Kalenga, Iringa. Kote huko watu wanategemea ukishuka kwenye basi ushuke na begi linalokuelemea upande mmoja.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, alikuwa amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza. Ada siku hizi hakuna, maana tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini sare je? Viatu je? Madaftari, begi, sweta la kuzuia baridi ya Mbeya? Mwezi wa nane, wakati bado nina kazi na kiburi, nilimwambia mama kwenye simu: "Hayo yote niachie mimi." Ulimi hauna mfupa, bwana.

Kuna rafiki yangu alinishauri nikachukue ile mikopo wanayoiita kausha damu. Unachukua laki mbili leo, wiki inayofuata wanaanza kukudai kama wamekuzaa. Nikafika mpaka mlangoni kwao tarehe 18, nikasimama, nikakuta mama mmoja anatoka analia huku akisaidiwa kubeba televisheni, nayo ilikuwa haitoki, ilikuwa inaingia. Nikageuza. Sikugeuza kwa imani, nisiwadanganye, niligeuza kwa woga.

Tarehe 20 jioni mama akapiga.

"Baba, unakuja lini?"

Nikaanza kukohoa kikohozi cha uongo. "Mama, unajua huku hali si nzuri. Hata sijui nitakuja na nini..."

Kukawa kimya. Nilidhani salio limekwisha. Halafu akasema taratibu, "Nimekuuliza unakuja lini. Sijakuuliza unakuja na nini."

Nilikaa kitandani nikahesabu kila nilichonacho pamoja na sarafu za kwenye kikombe. Elfu tisini na tano. Usiku huohuo nikakunja nguo mbili.

KITONGA HAKUNA MPAGANI

Tarehe 22 alfajiri nilikuwa Mbezi, pale Stendi ya Magufuli, pamoja na dunia nzima. Kila mtu anakwenda kwao. Tiketi yangu iliandikwa elfu thelathini, mkononi nilitoa arobaini, na ukiuliza unaambiwa "kama hutaki shuka, wenzako wako nyuma". Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi. Lakini nawaomba wenye mabasi, hata Krismasi jamani?

Safari ya Dar kwenda Iringa ni kama kilomita 500. Morogoro mnaipita, Mikumi mnawaona swala na twiga bure bila kulipa kiingilio, mnateremka Ruaha Mbuyuni ambako joto linakukaba koo, mibuyu huku na huku, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye mifuko myekundu. Halafu ndiyo mnaanza Kitonga.

Kama hujawahi kupanda Kitonga, sikia. Barabara imekatwa ubavuni mwa mlima, inajikunja kama nyoka mwenye tumbo linalouma. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo ambalo ukilichungulia unakumbuka dhambi zako zote. Mbele yenu malori ya Zambia na Kongo yanakoroma kwa gia namba moja. Ndani ya basi, wale waliokuwa wanabishana Simba na Yanga tangu Chalinze, kimya. Kijana mmoja mwenye hereni alijipiga ishara ya msalaba. Mama mmoja wa Kiislamu pembeni yangu alikuwa anavuta uradi. Ndipo nilipogundua kwamba Kitonga hakuna mpagani.

Na mie nikaomba. Ila ombi langu halikuwa la mlima. Niliomba hivi: Mungu, nisaidie namna ya kumwangalia mama usoni.

Mkishamaliza kupanda, hewa inabadilika mara moja, kama mtu aliyefungua friji. Ilula wanakimbilia madirishani na ndoo za nyanya. Watu walinunua, mie nikajifanya nimelala. Saa tisa alasiri nikashuka Igumbilo, stendi mpya ya Iringa, nikauona mji juu ya kilima chake na mawe yake makubwa, likiwemo lile la Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Siku hiyo halikuniambia kitu. Nikatafuta gari la Kalenga.

KUKU AMEZIKWA SHAMBANI

Kalenga si kijiji cha mchezo. Hapo ndipo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, yule aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, nao wakarudi na mizinga mwaka 1894 wakaivunja ngome yake. Alijiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, wakachukua fuvu lake, nalo likarudishwa mwaka 1954 na mpaka leo liko hapo kwenye makumbusho. Ng'ambo kidogo ndiyo Tosamaganga, misheni kongwe ya Wakatoliki yenye matofali mekundu, alikobatizwa bibi yangu.

"Kamwene," nikapiga hodi.

"Marahaba mume wangu!" Bibi akatoka na jembe mkononi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Umekonda. Dar hawalimi?"

Nilikuwa na kilo moja ya sukari na sabuni mche mmoja. Nikampa huku naangalia pembeni. Akapokea kwa mikono miwili kama amepewa ng'ombe.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa nyie wa Dar mnaodhani watu wa kijijini mwezi wa Desemba wamekaa wanakula. Nyanda za Juu Kusini mvua ni moja tu kwa mwaka. Inaanza Novemba kwenda Desemba, inakatika Aprili au Mei. Ukikosea hapo, umekosea mwaka mzima. Kwa hiyo Krismasi ya Iringa na Mbeya inaangukia wakati ghala limeshapungua, mahindi mapya hayajawa hata majani, na kila senti imekwenda kwenye mbegu na mbolea. Na mbolea mnajua ilivyofanya. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, mfuko wa kilo 50 ulivuka laki moja mpaka Serikali ikaweka ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023. Hata na ruzuku, mfuko ni mfuko. Fedha ya Krismasi na fedha ya mbolea zinatoka kwenye kibindo kimoja.

Asubuhi ya tarehe 23 nikauliza, kwa uroho wangu, "Bibi, yule jogoo mwekundu yuko wapi?" Nilikuwa namkumbuka, jogoo mkubwa kama mbuni.

Bibi akaniongoza mpaka shambani, akasimama kwenye tuta la tatu, akaonyesha chini kwa jembe. "Yuko hapa. Tumemzika."

Nikashtuka. Akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amemuuza jogoo pamoja na wenzake wanne, akaongezea akiba yake akachukua mbolea. Kuku wa Krismasi wote walikuwa ardhini, wamekuwa chembechembe nyeupe ndani ya mashimo ya mahindi. Amebaki tetea mmoja tu, kwa sababu ya mayai.

Tulipanda siku nzima. Yeye anachimba, mie nadondosha mbegu mbili mbili, nafukia kwa mguu. Mikono ya kuandika makala haijui jembe, kufika saa nane nilikuwa na malengelenge manne. Nikamuuliza kama haogopi. Je, mvua ikikatika? Je, bei ikianguka?

"Ilishaanguka," akasema.

Akanikumbusha mwaka 2017. Wengi mnaukumbuka, ndio mwaka ambao kila mtu alikuwa anasema vyuma vimekaza. Katikati ya mwaka huo Serikali ilipiga marufuku mahindi kwenda nje ya nchi, na huku Nyanda za Juu watu walikuwa wamevuna vizuri. Bei ikaporomoka. Magunia yakakaa ndani, dumuzi wakala sikukuu kabla ya wenye nyumba. Bibi alikuwa na gunia kumi na nne na hakuwa na fedha ya chumvi.

"Mwaka ule ulifanyaje, bibi?"

"Nilipanda tena."

"Kwa nini sasa, wakati bei hakuna?"

Akanyanyuka, akanyoosha mgongo. "Mume wangu, mie ningekuwa naamini bei, ningeshaacha kulima siku nyingi."

Sikuwa na jibu. Jioni tulikula ugali kwa majani ya maboga. Jirani alileta ulanzi, maana mvua zikianza mianzi nayo inaanza kutoa, bibi akanywa kikombe kimoja cha heshima akasali rozari akalala. Mie nilikaa macho nikisikiliza mvua juu ya bati. Mvua ile ilikuwa inanyesha juu ya jogoo wetu. Nikacheka peke yangu gizani, na nilikuwa sijacheka tangu Oktoba.

MAYAI SITA

Tarehe 24 asubuhi bibi alinipa kopo lililojaa pumba. Ndani ya pumba mayai saba. "Mpelekee mwanangu. Usimwambie nimeuza jogoo."

Iringa hadi Mbeya ni kilomita 330 hivi. Ifunda, Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, halafu Makambako ambako barabara inakutana na reli ya TAZARA, ile waliyoijenga Wachina na Watanzania na Wazambia, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikakamilika mwaka 1975. Makambako basi lilipiga breki, yai moja likapasuka. Yakabaki sita.

Ukivuka Igawa ukashika Chimala, kulia kwako ni uwanda wa Usangu, mpunga mpaka macho yanachoka. Kushoto milima imesimama wima kama ukuta wa kanisa, na juu yake, usikoweza kuona, ndiko Kitulo, ambako wenyeji wanakuita Bustani ya Mungu. Mvua zikianza Desemba maua yanachanua huko juu hata kama hakuna mtu wa kuyaangalia. Nililiwaza hilo kwa muda mrefu. Mie mwaka mzima nilikuwa nachanua tu pale mtu anapoangalia.

Nilifika Uyole mvua inamwagika. Mama alikuwa amesimama barazani na mwamvuli uliovunjika mbavu mbili. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Igurusi. Nikaanza, "Mama, kuhusu ile ahadi..."

"Ingia ndani, utalowa."

"Mama, kazi iliisha tangu Oktoba."

"Najua," akasema. "Ulianza kuniambia 'niko bize' tangu Oktoba. Mtu mwenye kazi hasemi hivyo kila siku."

Nikampa kopo. Akachambua pumba, akayatoa mayai moja moja, akayapanga kwenye sahani. Akayahesabu. Halafu akauliza, "Jogoo ameuzwa, siyo?" Kwa kina mama hakuna siri, ndugu zangu, tuache kujisumbua.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu mama yangu. Ni mfanyabiashara wa mitumba, Mwanjelwa. Anayeijua Mbeya anajua kwamba Mwanjelwa na moto ni watani wabaya. Soko kubwa liliungua mwaka 2006, wafanyabiashara wakahamia maeneo mengine likiwemo soko la Sido, na Sido nalo likateketea Agosti 2017. Kibanda cha mama kilikuwa humo. Mwaka huohuo wa bei ya mahindi. Nilikuwa sekondari, na nakumbuka alivyorudi nyumbani asubuhi ile ananuka moshi, mkononi kashika kufuli tu. Kufuli lilikuwa zima, kibanda hakipo.

Krismasi ya 2017 tulikula viazi na maharage. Nami nilikuwa nimeisahau. Au niseme ukweli, nilikuwa nimejifunza kuisahau, kwa sababu kijana akishaonja Dar hapendi kukumbuka viazi.

NJIWA WAWILI

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kanisani, watatu, kwa miguu, tukikwepa madimbwi. Sisi upande wa baba ni Wamoravian, na Wamoravian wa Mbeya mnawajua kwa tarumbeta. Wazee wenye mashavu ya kuvimba wanapuliza mpaka bati linatetemeka. Kanisa lilijaa, waliokosa nafasi walisimama nje na miavuli.

Mchungaji hakuhubiri juu ya dhahabu ya wale mamajusi. Alisema, watu wengi wanaijua zawadi ya mamajusi lakini hawajui wazazi wa Yesu walitoa nini. Akatueleza kwamba katika Injili ya Luka, mtoto alipopelekwa hekaluni, sheria ilitaka mwanakondoo, na aliyeshindwa mwanakondoo aliruhusiwa kuleta njiwa wawili au makinda mawili. Yusufu na Mariamu walipanga foleni ya walioshindwa mwanakondoo. Akauliza, ninyi mnaoona aibu, mnamwonea aibu nani, wakati Bwana mwenyewe aliingia kwa mlango huo?

Bwana wee, nilihisi mtu kamwambia habari zangu.

Akaendelea na historia ya kwetu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wale wakakamatwa na kuondolewa. Shule, zahanati, mishahara, vyote vikayumba. Wangapi walidhani kanisa litakufa? Lakini walimu na wazee wa hapahapa wakabaki, wakafundisha, wakazika, wakabatiza, bila mtu wa kuwalipa. Mpaka wenzao wanarudi miaka ya 1920, walikuta kanisa lipo, tena limekua. "Kanisa la baba zenu," akasema, "lilikua wakati mfuko wake umetoboka."

Baada ya sadaka ukaja mnada. Wasiojua, ni hivi: mtu asiye na fedha analeta alichonacho, kuku, ndizi, viazi, kikapu, na baada ya ibada vinanadiwa, fedha inaingia kanisani. Mama alikuwa ametoa mayai mawili ya bibi. Nilipoyaona mikononi mwa mnadi nilitaka kupita chini ya benchi. Watu wameleta mikungu ya ndizi ya Tukuyu, sisi mayai mawili!

"Mayai mawili ya kienyeji, kutoka Kalenga, Iringa!" mnadi akapaza sauti. Mama alikuwa amemwambia. "Yametembea kilomita mia tatu na zaidi, nani anaanza?"

Mtu akasema elfu moja. Mwingine elfu mbili. Vijana wa kwaya wakachanga wakafika elfu tano. Mzee mmoja mwenye koti lililochanika kwapa, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, akasema elfu saba, akalipa kwa noti za elfu elfu zilizokunjwa kama sigara. Akapewa mayai. Hakukaa nayo. Akayarudisha mezani, akasema, "Yauzwe tena."

Yaliuzwa mara nne. Ya mwisho mtu mmoja aliyanunua akayapeleka kwa mama mjane aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mayai mawili ya tetea wa Kalenga yaliingiza fedha kuliko mkungu mkubwa wa ndizi, na bado mtu alikwenda kuyala.

Mie nilikuwa na elfu moja ya sadaka mfukoni. Tangu asubuhi nilikuwa naificha kwenye kiganja isionekane ni ya rangi gani. Nikaitoa wazi.

KIKOBA

Jioni, baada ya kula wali wa Kyela, maharage, na yai moja moja kila mtu, mama akaniita chumbani. Kitandani kulikuwa na sketi mbili, mashati mawili, sweta, soksi, viatu vyeusi na madaftari.

Nikabaki mdomo wazi.

Kumbe baada ya moto wa 2017 wanawake thelathini wa pale sokoni walianzisha kikoba. Kila wiki mtu anaweka kidogo, wanakopeshana kwa riba ndogo inayorudi kwao wenyewe, na kila Desemba wanavunja na kugawana. Mgao wa mwaka jana ulitoka tarehe 15. Siku ambayo mie naamua kutokwenda nyumbani, mama yangu alikuwa fundi cherehani anapima sketi.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Nimeteseka."

"Ningekuambia usingekuja. Ungesema basi, mambo yamekwisha." Akakunja sweta. "Na mie nilitaka uje."

Nilisikia nafuu, na ndani ya nafuu nikasikia aibu ya aina nyingine. Miezi miwili yote nilijiona nguzo ya nyumba, nguzo iliyovunjika. Kumbe nyumba haikuwa imenisubiri mie niishike. Ilikuwa inashikwa na wanawake thelathini, kikongwe mwenye jembe, na Mungu wao wa kila wiki. Kwenye simulizi ile ya Krismasi mie sikuwa mwokozi. Nafasi hiyo ilishachukuliwa zamani, kwenye zizi.

Tarehe 26 nilikwenda na mama Mwanjelwa. Wengine wamelala na sikukuu yao, yeye anafungua kibanda. Nikaona lile kufuli. Ni lilelile la 2017, limebadilika rangi kwa moto, lakini linafunga. Nikamuuliza kwa nini asinunue jipya. Akasema, "Hili linanikumbusha nilibaki na nini. Nilibaki na kitu cha kufungia, nikatafuta cha kukifunga."

Nauli ya kurudi sikuwa nayo. Nilirudi Dar juu ya fuso la viazi, bure, kwa kazi ya kusaidia kushusha. Kitonga tuliteremka usiku. Niliomba tena, ila safari hii nilianza na asante. Ndaga fijo, kama wanavyosema kwa baba.

MSOMAJI WANGU

Sitaki kukudanganya kwamba ukienda kanisani Desemba 25, fedha itakuja Desemba 26. Kwangu haikuja. Januari nilikula mihogo. Kazi nilipata mwezi wa nne, nayo ni ya nusu siku. Nilichopata kule juu ni kingine: niliacha kujificha. Na mtu aliyeacha kujificha anaonekana, akionekana anasaidika.

Kwa hiyo kama mfuko wako mwaka huu umetoboka, mambo yangu ni machache. Usikope kausha damu kwa ajili ya pilau la siku moja. Waambie wa nyumbani ukweli mapema, wengi wao wameshajua. Kama una nauli, nenda. Kama huna, piga simu uongee nao bila kukohoa. Na kanisani, au popote unaposali, toa njiwa wako wawili bila kuwafunika na leso.

Nimalizie na bibi. Mwezi wa saba mwaka huu, saa moja asubuhi, simu ililia. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na alikuwa ameshapukuchua. Hakunisalimia. Alipiga kelele kwenye simu mpaka jirani yangu akagonga ukuta:

"Mume wangu! Yule jogoo amefufuka! Gunia kumi na sita!"

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya wenye mvua.